Stephen Foster na Nyimbo Zake za Ndoto

Katika nyimbo za Kizungu tuimbazo katika kwaya, ule tunaobishania sana maana yake ni “Beautiful Dreamer”, wa mtu amwimbiaye mwanamke aliyelala. Wenzangu wengine husema ni wa mapenzi tu. Wengine hushikilia kwamba yule mwanamke amekufa. Mimi naona yafaa kwanza kumjua mtungaji.

Stephen Foster alizaliwa tarehe 4 Julai, 1826, karibu na Pittsburgh, Marekani. Alianza kutunga angali kijana. Nyimbo zake nyingi za kwanza ziliimbwa na Wazungu waliojipaka masizi usoni na kuwadhihaki watu weusi. Jambo hilo ni aibu, wala halifichiki. Mwaka 1851 wimbo wake mkubwa, “Old Folks at Home”, ulitolewa kwa jina la E. P. Christy, mkuu wa kikundi kimoja cha waimbaji hao, naye Foster alikuwa amekubali.

Mwaka 1850 alimwoa Jane McDowell, lakini hawakudumu pamoja kwa raha. Mara kadhaa walitengana. Mwaka 1854 alitoa “Jeanie with the Light Brown Hair”. Watu huuita wimbo wa kumsifu mke. Haya, tuutazame vizuri. Tangu mwanzo mwimbaji hamwoni Jeanie ila ndotoni, na mwishoni maua ya pwani hayana tena wa kuyachuma. Basi ndoto humo ni mahali pa kukutana na mtu aliyekwisha ondoka.

Mwaka 1857, kwa kuhitaji fedha, aliwauzia wapiga chapa haki ya mapato ya baadaye ya nyimbo zake kwa dola zisizofika 1,900. Mwaka 1860 akahamia New York. Baadaye mkewe akarudi Pennsylvania, naye akabaki peke yake na pombe. Mwezi wa Januari 1864 alianguka chumbani akajikata vibaya, akapelekwa hospitali ya Bellevue, akafa tarehe 13. Umri wake ulikuwa miaka 37. Katika mkoba wake zilikutwa senti 38.

Ndipo “Beautiful Dreamer” ulipotolewa, na wapiga chapa wakatangaza kwamba aliutunga siku chache kabla ya kufa. Hapo ndipo wengi walipopata ile fikira ya mauti. Lakini chapa yenyewe ina mwaka 1862! Mimi simwoni maiti humo. Naona ndoto imegeuzwa. Kwa Jeanie, aotaye ni mwimbaji. Hapa mwimbaji yu macho, na aotaye ni mwanamke, mahali asipoweza kumfuata. Makelele ya mchana yamekwisha, mbalamwezi inang’aa, naye hana kitu cha kumpa ila wimbo. Anamsihi aamke, na majonzi yaondoke. Anasihi mpaka mwisho, na wimbo unakwisha mwanamke hajaamka.