Fangio: Fundi Aliyeinuliwa na Mji Wake

Wapenzi wa magari ya mashindano wanaozuru Argentina aghalabu huandamana kwa makundi hadi Balcarce, mji ulioko takriban kilomita 400 kusini mwa Buenos Aires. Hapo pana makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1986, yenye magari na vikombe vya Juan Manuel Fangio. Wageni huyazunguka magari hayo wakibishana juu ya injini na magurudumu. Lakini walimu na wanafunzi wana swali jingine la kujiuliza: kwa nini hazina hiyo iliwekwa katika mji wa wakulima wa viazi, wala si katika jiji kuu?

Jibu limo katika maisha ya Fangio mwenyewe. Alizaliwa Balcarce mwaka 1911, mwana wa mwashi aliyehamia huko kutoka Italia. Aliacha shule angali mvulana, akaenda kujifunza ufundi wa magari. Baadaye alifungua gereji yake, na usiku akawa anaunda magari ya mashindano kutokana na vyuma vikuukuu.

Wenyeji waliiona bidii hiyo. Hawakuwa matajiri, lakini haba na haba hujaza kibaba: walichanga pesa ili kijana wao apate gari la kushindania. Mwaka 1940, akiendesha Chevrolet, Fangio alishinda mashindano ya kutoka Buenos Aires hadi Lima, Peru, na kurudi. Safari hiyo ilikuwa ya karibu kilomita 9,500, kupitia milima ya Andes. Gari lilipoharibika njiani, dereva ndiye aliyekuwa fundi.

Alipoanza kushindana Ulaya, umri wake ulikuwa umekaribia miaka 40, wakati ambapo wengi hustaafu. Hata hivyo alitwaa ubingwa wa dunia wa langalanga mara tano: mwaka 1951, kisha mfululizo kuanzia 1954 hadi 1957. Aliupata kwa magari ya Alfa Romeo, Maserati, Mercedes na Ferrari. Kati ya mashindano 51 ya ubingwa huo alishinda 24. Rekodi yake ya mataji ilidumu hadi mwaka 2003, ilipovunjwa na Michael Schumacher.

Mafanikio hayo yalikuwa na gharama. Mwaka 1948 mwenzake waliyekuwa naye garini alifariki katika ajali nchini Peru. Mwaka 1952 yeye mwenyewe alivunjika shingo huko Monza. Mwaka 1957, akiwa na umri wa miaka 46, aliachwa nyuma kwa zaidi ya sekunde 45 katika uwanja wa Nürburgring, Ujerumani. Aliwafuata vijana wa Ferrari mzunguko baada ya mzunguko, akawapita na kushinda. Mwaka uliofuata alistaafu. Alifariki mwaka 1995, akazikwa Balcarce.

Naam, makumbusho yale ni deni lililolipwa. Mji ulimpa mwanawe gari, naye akaurudishia sifa za dunia nzima.

Nasi Wakenya tunaijua harambee. Mwanafunzi akipata nafasi katika chuo kikuu, kijiji kizima huitwa kuchanga, na ni haki kifanye hivyo. Lakini ni lini tuliitwa kumchangia kijana wa gereji anunue vifaa vya kazi? Aghalabu huyo huhesabiwa kuwa aliyeshindwa, na jina lake hutajwa darasani kama onyo kwa wengine. Sisemi watoto waache shule. Ufundi wa leo unahitaji hesabu na sayansi kuliko zamani. Nasema kipawa cha mikono nacho ni elimu. Mwalimu anayekitambua mapema, na wazazi wanaokubali kukigharimia, hawapotezi mali. Watu wa Balcarce walichanga kabla ya kuona kikombe hata kimoja.