Taqiyuddin na Nyota Yenye Mkia

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Waislamu, leo tunakuleteeni habari za mwanachuoni Taqiyuddin Muhammad bin Ma'ruf, bingwa wa elimu ya falaki wa karne ya 16. Alizaliwa Damascus, katika nchi ya Sham, akasoma huko na Misri, kisha akawa mwalimu na kadhi. Aliandika juu ya hesabu, saa na mitambo ya kupandisha maji.

Mwaka 1571 Sultani Selim II alimteua kuwa mnajimu mkuu wa dola ya Uthmaniya. Zama zile falaki na unajimu viliwekwa katika cheo kimoja, na hapo ndipo ulipojificha mtihani wake. Chini ya Sultani Murad III alijengewa Istanbul nyumba ya kuchunguzia nyota, yenye vipimo vikubwa na saa iliyohesabu hadi sekunde.

Katika Ramadhani ya mwaka 985 Hijria, yaani Novemba 1577, nyota kubwa yenye mkia ilionekana angani. Taqiyuddin aliichunguza, kisha akamtabiria Sultani kuwa ni bishara ya ushindi dhidi ya Uajemi. Majeshi yalipata ushindi, lakini tauni nayo iliingia na watu wakubwa wakafariki. Wapinzani wake wakapata hoja, fitina za ikulu zikaongezeka, na Januari 1580 nyumba ile ikabomolewa kwa amri ya Sultani. Taqiyuddin alifariki mwaka 1585.

Nyota hiyohiyo ilipimwa Denmark na Tycho Brahe, akathibitisha kuwa ilikuwa mbali kupita mwezi. Leo tunajua kwamba nyota hizi ni mabonge ya barafu na vumbi yanayolizunguka jua. Yakilikaribia, barafu hugeuka mvuke, na mkia huelekea upande ulio mbali na jua. Hayaleti ushindi wala tauni.

Tunaona hapa makosa mawili. La kwanza ni kuifanya nyota kuwa mjumbe wa ghaibu, ilhali ghaibu anaijua Allah peke yake. La pili ni kuivunja elimu yenye manufaa kwa sababu ya utabiri uliochanganywa nayo. Jua lilipopatwa siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.), watu walidhani ni kwa msiba ule. Mtume, pamoja na huzuni yake, aliikataa dhana hiyo, akaamrisha swala.

Wazazi wenzetu, nyota kama hii ikitokea tena, tuwatoe watoto nje waitazame. Tuwafundishe kuhesabu mwendo wake na kumtukuza Aliyeiumba, wala tusiwapeleke kwa wapiga ramli.

Wallahu a'lam.