Louis Armstrong: Pumzi Iliyofika Hadi Nairobi

Sisi watu wa pwani tunaijua heshima ya pembe. Siwa ya Pate iliyochongwa kwa pembe za ndovu, na siwa ya shaba ya Lamu, hazikupulizwa ovyo. Zilitolewa katika arusi na shughuli za wakubwa, na kila aliyesikia mlio wake alijua kwamba mwenye shughuli ni mwungwana. Mtumwa hakupigiwa siwa. Leo nataka kuwaeleza wasomaji habari za mtu aliyezaliwa katika kizazi cha watumwa, mbali sana na bahari yetu, ambaye hakungoja kupigiwa. Aliishika ala mwenyewe, akapuliza, na dunia ikageuka kumsikiliza. Mtu huyo ni hayati Louis Armstrong wa Marekani.

Kilichonikumbusha habari zake ni jioni moja niliyokaa hapa Pumwani kuwasikiliza vijana wa mtaa wakipiga muziki mpya wa Kimarekani kwa ala za kupuliza peke yake: matarumbeta, matromboni, klarineti, saksafoni na tuba moja kubwa kuliko kijana aliyeibeba. Baadhi ya wazee waliokuwa karibu nami walinong'ona kwamba huo ni muziki wa kigeni. Mimi sikukubaliana nao. Pumwani ilipojengwa miaka ya 1920, wakazi wake wengi walikuwa Waislamu, wakiwamo waliotoka pwani, na miongoni mwa mambo yaliyowafurahisha ni beni. Neno lenyewe ni bendi tu. Watu wa Mombasa na Lamu waliiga gwaride la wazungu tangu miaka ya 1890, na askari na wachukuzi wa Vita Vikuu vya Kwanza wakaisambaza bara nzima, hawa wakijiita Marini, hawa Arinoti. Walichukua ala ya mtawala wakaifanya yao. Huko New Orleans, watu weusi walikuwa wamekwisha kufanya jambo hilo hilo.

Armstrong alizaliwa katika mji huo tarehe 4 Agosti 1901. Mwenyewe alidai maisha yake yote kwamba alizaliwa tarehe 4 Julai 1900, sikukuu ya uhuru wa Marekani, na ukweli ulijulikana baada ya kufa kwake, ulipopatikana waraka wa ubatizo. Baba yake aliiacha familia mapema. Bibi yake alimlea miaka ya kwanza, kisha akarudi kwa mama yake katika mtaa wa mafukara wenye ugomvi usiokwisha. Alipokuwa mtoto alifanya kazi kwa familia ya Kiyahudi iliyokuwa ikiuza makaa na kununua vikorokoro kwa gari la farasi. Kazi yake ilikuwa kupuliza kipembe cha bati kuwaita wateja. Familia hiyo ilimsaidia kununua koneti yake ya kwanza, na wema huo hakuusahau.

Usiku wa kuamkia mwaka 1913 alifyatua bastola hewani barabarani, polisi wakamkamata, na hakimu akampeleka katika nyumba ya kurekebishia watoto weusi. Mtu angedhani huo ndio mwisho wake. Kumbe humo mlikuwa na bendi. Mwalimu wa bendi, Bwana Peter Davis, hakumwamini mwanzoni kwa sababu ya mtaa aliotoka. Alimpa tari, halafu pembe ndogo, kisha baragumu la kuamshia watoto, na mwisho koneti. Kijana akawa kiongozi wa bendi, na siku bendi ilipopita katika mtaa wake, wale wale mafukara walitoa fedha kwa furaha ya kumwona.

Kuanzia hapo hakurudi nyuma. Alijifunza kwa Joe Oliver, bingwa wa koneti wa mji huo, akapiga katika mabendi ya maziko na magwaride, na katika meli za mto Mississippi akajifunza kusoma noti. Mwaka 1922 Oliver alimwita Chicago. Kati ya mwaka 1925 na 1928 alirekodi santuri na kundi dogo la watu watano, baadaye saba, na santuri hizo ziligeuza muziki wa jazi. Zamani wapigaji walipuliza wote pamoja, kama jamaa wanaosema kwa mara moja. Armstrong alionyesha kwamba mtu mmoja anaweza kusimama mbele ya wenzake, akaeleza habari yake kwa pumzi yake, na wengine wakamwitikia. Wanajazi waliokuja nyuma yake karibu wote wamepita katika mlango huo.

Lakini sifa hazikumfungulia kila mlango. Alipiga katika hoteli ambazo yeye mwenyewe hakuruhusiwa kulala. Mwaka 1956 jimbo alilozaliwa lilitunga sheria ya kukataza weusi na weupe kushiriki pamoja katika burudani, na kwa kuwa kundi lake lilikuwa na watu wa rangi zote mbili, hakupiga tena New Orleans mpaka mwaka 1965. Hata hivyo vijana wa kwao walimlaumu. Walisema anacheka mno na kufuta jasho kwa leso ili kuwapendeza weupe.

Lawama hiyo ilijibiwa mwezi Septemba 1957. Watoto tisa weusi walizuiwa kuingia shule katika mji wa Little Rock, na gavana akapeleka askari kuwazuia. Armstrong, ambaye serikali ilikuwa ikimwandaa kwenda Urusi kuitangaza Marekani, alimweleza mwandishi wa habari waziwazi kwamba hawezi kuisemea nchi inayowatenda hivyo watu wake, na akamshutumu Rais Eisenhower kwa woga. Safari ikavunjika. Siku chache baadaye rais alipeleka jeshi kuwalinda watoto wale. Wengi waliompigia makofi walimgeuka, naye hakufuta neno lake.

Afrika alikuwa amekwisha kuiona mwaka 1956, alipofika Accra kabla Ghana haijapata uhuru, na umati mkubwa ukampokea pamoja na Kwame Nkrumah. Mwishoni mwa mwaka 1960 alirudi kwa safari ndefu, gharama zikitolewa na serikali ya Marekani na kampuni ya Pepsi-Cola. Safari hiyo ndiyo iliyomfikisha Kenya. Hali ya hatari ilikuwa imeondolewa mwaka ule ule, na Mzee Kenyatta alikuwa bado kizuizini. Kwa vijana wa Pumwani, ambao miaka sita nyuma walikuwa wakipekuliwa nyumba kwa nyumba, kuja kwa mtu mweusi anayepokewa kama mfalme kulikuwa na maana kuliko muziki.

Hapa ndipo penye mwiba. Katika safari hiyo hiyo, mwezi wa Oktoba, alifika Leopoldville, na watu wakambeba juu kwa juu kwenye kiti. Wakati huo Waziri Mkuu Patrice Lumumba alikuwa amezuiliwa nyumbani kwake katika mji ule ule. Armstrong alipiga pia Katanga, jimbo lililojitenga. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba aliuawa huko huko Katanga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 umeeleza kwamba mtu aliyekula naye chakula nchini Kongo kama afisa wa ubalozi alikuwa ndiye mkuu wa ujasusi wa Marekani nchini humo. Hakuna dalili kwamba Armstrong alijua.

Je, tumhukumu vipi? Kwa maoni yangu, waliomtuma walitaka mlio wa tarumbeta ufunike kelele nyingine, na hilo ni kosa lao. Yeye alikuja kuwapigia watu wa asili yake. Aliyewahi kumkatalia rais wake mbele ya dunia hawezi kuitwa kibaraka. Lakini fundisho libaki kwetu: shangwe inapozidi, tuulize pia nani amelipia.

Mwaka 1964, akiwa na miaka 62, wimbo wake wa "Hello, Dolly!" uliwaondoa vijana wa Beatles katika nafasi ya kwanza Marekani. Alifariki usingizini tarehe 6 Julai 1971 katika nyumba ya kawaida mtaani Queens, New York, alikokaa tangu 1943 kati ya majirani wafanyakazi ingawa uwezo wa kuhamia jumba la kifahari alikuwa nao. Nyumba hiyo leo ni makumbusho.

Basi mzazi wa Pumwani au wa Mombasa anayemwona mwanawe na tarumbeta la kuazima asiharakishe kusema huo ni uhuni wa kigeni. Armstrong alipewa lake akiwa mfungwa mtoto, na mwalimu aliyeanza kwa kumshuku ndiye aliyempa. Kama Bwana Davis angeishia kwenye shaka yake, mtoto yule angebaki na tari mkononi, na dunia isingejua ilichokosa.