Bonganga wa Yakusu: munganga aliyewapa wengine kazi yake

Ndugu zetu wa ma-carrière ya Bafwasende, ya Banalia na ya Ubundu wanajua vizuri hesabu hii: toka kambi mpaka centre de santé ni saa ngapi kwa miguu, na mwenye pikipiki anaomba pesa ngapi. Mutoto akishikwa na homa usiku, hesabu hiyo njo inaamua kama ataona asubuhi. Leo tunawaeleza maisha ya mutu aliyepiga hesabu ya namna hiyo hapa kwetu Kisangani, wakati muji ungali unaitwa Stanleyville. Jina lake Stanley George Browne. Watu wa mto walimwita Bonganga, maana yake munganga.

Kijana wa ofisi

Browne alizaliwa tarehe 8 Desemba 1907 mu muji wa London, Uingereza. Kwao hakukuwa mali. Akiwa kijana aliingia kazi ya ofisi mu manispaa, muchana anaandika makaratasi, jioni anasoma. Kwa masomo hayo ya jioni alipata bourse ya kujifunza uganga, na mu 1933 akapata diplome. Alifaulu pia mitihani mikubwa ya waganga wa dawa na ya waganga wa kupasua, yote mbili. Angeweza kubaki London na kukaa vizuri. Lakini alienda Antwerp, Ubelgiji, kujifunza magonjwa ya nchi za joto, na mu 1936 akafika Yakusu.

Yakusu iko karibu kilometa 20 toka Kisangani, ukishuka na mto. Ni kwa Walokele, wavuvi ambao lokole yao ilikuwa inapeleka habari mbali. Misheni ya Wabatisti ilikuwa pale tangu miaka ya 1890.

Alikuta njia imefunguliwa

Tusiseme kwamba Browne alianza yote. Mbele yake kulikuwa munganga mwingine, Clement Chesterman, aliyefika Yakusu mu 1920. Wakati ule ugonjwa wa usingizi, malale, ulikuwa unamaliza vijiji. Kuupima ni kazi ya mikono mingi: kugusa shingo ya kila mutu kutafuta matezi, kutoa maji ndani yake kwa sindano, kuyaangalia mu mikroskopu, na pengine kutoa maji ya mugongo. Dawa mupya ya wakati ule, tryparsamide, iliponyesha wengi, lakini iliweza pia kuharibu macho. Kwa hiyo ilitaka mutu wa kumufuata mugonjwa juma kwa juma.

Munganga mumoja hawezi kufanya hivyo mu vijiji mia. Chesterman akachukua vijana wa vijiji vyenyewe, akawafundisha mikroskopu, sindano, vidonda na kuandika daftari, kisha akawarudisha kukaa na watu wao, kila mumoja na dispensaire yake. Mu 1936 alirudi Uingereza, na Browne akarizi kazi hiyo.

Kila mutu na kazi yake

Browne aliipanua. Masomo ya infirmiers pale Yakusu yalitambuliwa na Serikali, na vijana walipita mutihani wa Serikali. Kazi iligawanywa. Infirmier wa kijiji anaona kila siku homa, vidonda, kuhara na minyoo. Ugonjwa ukimushinda, anautuma Yakusu. Munganga hangoji tu mu hospitali: anapanda mutumbwi ao kinga, anazunguka dispensaires, anaangalia daftari, anasahihisha, anafundisha tena. Wamama wa kuzalisha nao walikuwa na fasi yao.

Sisi tunaona siri yake hapo. Mutu maskini anakosa munganga, lakini kwanza anakosa wa karibu: anayesema luga yake, anayejua nani kwa kijiji hajatoka mu nyumba tangu siku tatu. Infirmier aliyezaliwa pale anajua hayo bila kuuliza.

Wagonjwa wa ukoma

Kazi iliyomupa Browne sifa duniani ni ya ukoma. Wagonjwa walifichwa, ao walifukuzwa kukaa peke yao mu pori. Karibu na Yakusu, fasi inayoitwa Yalisombo, kulijengwa kijiji chao, na wagonjwa wenyewe waliishi pale kama watu, si kama wafungwa. Zamani dawa ilikuwa mafuta ya chaulmoogra, sindano zenye maumivu na matunda kidogo. Kisha vita ya 1939-1945 kukaja dawa mupya za sulfone, na kati yao dapsone, kidonge cha bei ndogo.

Kidonge hicho kiligeuza mambo. Sindano ngumu inataka hospitali, lakini kidonge infirmier wa kijiji anaweza kukitoa na kuandika mu daftari. Hivi zile dispensaires zilizozaliwa juu ya malale zikatumika pia juu ya ukoma. Munyororo ukishajengwa, unabeba zaidi ya ugonjwa mumoja.

Browne aliona pia upofu wa mto, oncho. Unaletwa na kanzi kadogo kanakozaa mu maji yenye kukimbia mbio. Alikuta vijiji ambamo watu wengi walikuwa nao, na aliandika sana namna unavyoharibu ngozi na macho. Wachimbaji wanaosafisha kokoto mu maji ya kukimbia, habari hii inawahusu moja kwa moja.

Kisichokuwa sawa

Hatutaki kumufanya malaika. Ilikuwa koloni. Infirmier Mukongomani alibeba kazi kubwa, lakini mulango wa kuwa médecin ulikuwa umefungwa kwake. Siku ya uhuru, 30 Juni 1960, inchi nzima haikuwa na Mukongomani hata mumoja mwenye diplome ya médecin. Majina ya Wazungu yako mu vitabu. Ya vijana waliopiga kilometa na sanduku la dawa kichwani, machache tu yameandikwa. Na mu miezi ile ya 1960 waganga wengi Wabelgiji walipokimbia, ni infirmiers walioshikilia inchi. Basi sifa ya kazi ya Yakusu ni yao vilevile.

Mwisho wa safari

Browne aliondoka Yakusu mu 1959, kisha miaka zaidi ya 20. Alienda Uzuakoli, Nigeria, kutafuta dawa za ukoma. Mu 1962, yeye na mwenzake walionyesha kwamba dawa inayoitwa clofazimine inafanya kazi juu ya ukoma. Tangu 1966 aliongoza kituo cha masomo ya ukoma mu London, akazunguka inchi nyingi kufundisha. Alikufa mu Januari 1986. Clofazimine ingali ndani ya dawa tatu ambazo wagonjwa wa ukoma wanakunywa leo.

Kilichobaki kwetu

Mu Septemba 1978, mu muji wa Alma-Ata, inchi za dunia zilikubaliana kwamba afya inaanzia karibu na nyumba ya mutu, na kwamba wafanyakazi wa namna mbalimbali washirikiane, hata wale wa kijiji. Kwetu mawazo hayo hayakuwa mageni. Tangu 1971, kule Kasongo, Maniema, waganga wa Zaïre pamoja na chuo cha Antwerp, kile kile alichosomea Browne, walikuwa wanajifunza namna centre de santé ndogo na hospitali zinaweza kufanya kazi kama mwili mumoja. Mu miaka ya 1980 inchi ikagawanywa zones de santé 306. Leo Yakusu ni zone de santé, na relais communautaire anayepita mulango kwa mulango anatembea mu njia ile ya vijana wa zamani.

Lakini carrière inahama, na karatasi ya zone haihami nayo. Kambi inazaliwa mu miezi mitatu, ina watu elfu, haina hata relais mumoja. Wauzaji wa dawa wanafika mbele ya infirmier. Hapo kuna kazi ambayo wachimbaji wenyewe wanaweza kuianza: kuchagua mutu wao, mwanamke ao mwanaume anayejua kusoma na anayeaminika, na kumupeleka kwa infirmier titulaire wa aire de santé ili afundishwe na aandikwe. Bonganga alianza na watu kama hao.

Na mambo mawili ya kukumbuka. Ukiona mu ngozi alama yenye rangi imepungua, na ukiigusa hausikii kitu, usiifiche: nenda centre de santé. Ukoma unapona, na dawa zake ni za bure. Na siku wanapogawa vidonge vya oncho mu kijiji, toka mu shimo, upande, umeze na wengine. Navyo ni vya bure.