Goethe: Mshairi Aliyeona Jani Ndani ya Ua

Ndugu msomaji, hebu chukua waridi uliangalie vizuri. Wewe waona ua. Johann Wolfgang von Goethe aliona majani yaliyogeuka.

Alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1749. Kabla ya kufika miaka 30, alikuwa mwandishi anayejulikana Ulaya nzima. Lakini mimea nayo ilimshughulisha. Mwaka 1786 alisafiri Italia, na katika bustani ya mimea ya Padua akauona mti wa jamii ya mtende. Majani ya chini yalikuwa mazima, ya juu yamepasuka kama kipepeo cha mkono. Kumbe jani hubadilika hatua kwa hatua!

Mwaka 1790 akatoa kitabu kidogo. Alieleza kwamba vile vijani vinavyofunika tumba, petali za rangi, sehemu ya kiume yenye chavua na ile ya kike inayobeba mbegu, vyote asili yake ni kiungo kimoja, kama jani. Ushahidi wake mmoja? Waridi lisilo la kawaida, ambalo katikati yake shina lilichipuka tena na majani.

Mchapishaji wake wa siku zote alikikataa. Ati mshairi na mimea wapi na wapi? Hakukata tamaa, akaenda kwa mwengine.

Alifariki Weimar mwaka 1832. Mwaka 1991 wanasayansi walieleza jeni zinazopanga sehemu za ua. Zikiharibika zote, ua huota majani matupu.

Basi kijana mwenzangu, ukiambiwa hiyo si fani yako, wewe soma tu.