Philly Lutaaya, mwimbaji aliyeutaja ugonjwa wake mbele ya watu

Jina la Philly Bongoley Lutaaya nililisikia kwa mara ya kwanza huko Ronge, juu ya milima ya Taita, mwanzoni mwa mwaka 1990. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, nimetoka chuoni na kitabu changu, na nilikuwa nikimfuata ami yangu katika biashara yake ya mboga. Tukitoka Mombasa usiku, tukifika Voi alfajiri, tukipita Mwatate, kisha gari likaanza kupanda kwa kunung'unika mpaka kwenye mashamba ya kabeji na migomba.

Katika nyumba tuliyozoea kununua mboga palikuwa na kijana mgonjwa. Alikuwa utingo wa malori ya njia ya Mombasa na Nairobi, na sasa amerudishwa kwao, amekonda hata mifupa inahesabika. Kikombe chake kilitundikwa kwenye msumari wake peke yake, mbali na vya wenzake. Karibu na kitanda palikuwa na redio ndogo, na siku hiyo redio ilieleza habari za mwimbaji wa Uganda aliyekufa mwezi uliotangulia, baada ya kuutangazia ulimwengu kuwa ana ukimwi. Yule kijana aliomba redio iongezwe sauti. Sote mle chumbani tulinyamaza.

Kisha mama yake akaniletea chai. Nami, wasomaji wangu, nilisema kuwa nimefunga. Sikuwa nimefunga. Nilikiogopa kikombe, nikaisingizia ibada. Yule mama alikitazama kikombe, akanitazama mimi, akakirudisha jikoni bila ya neno. Kwa sababu ya chai ile ndiyo maana leo nataka kuyasimulia maisha ya Lutaaya.

Lutaaya alizaliwa Mengo, katika mji wa Kampala, tarehe 19 Oktoba 1951. Aliingia katika muziki angali kijana mdogo, na kwa miaka mingi alipiga na bendi mbalimbali za kwao. Lakini ile haikuwa miaka ya raha nchini Uganda. Idi Amin alitwaa serikali mwaka 1971, na hata alipoondolewa mwaka 1979 vita na fujo havikwisha. Wanamuziki wengi walitawanyika kutafuta riziki katika nchi za jirani, Kenya ikiwa mojawapo. Lutaaya naye alihama, na mnamo mwaka 1984 akaenda kukaa mbali kabisa, Stockholm, Uswidi, kwenye theluji.

Ugenini ndiko nyota yake ilikong'ara. Santuri yake iitwayo Born in Africa ilipigwa kila pembe ya Uganda, kwani ilikuwa ni sauti ya mtu anayeililia nchi yake akiwa mbali. Nyimbo zake za Krismasi mpaka leo hupigwa Kampala kila ufikapo mwezi wa Desemba. Kwa ufupi, alikuwa na kila alichokitamani kijana wa mjini wa zama zile: jina, sauti, nguo nzuri, na watu wa kumshangilia.

Wakati huo huo nchini mwake palikuwa na msiba ulioingia kimya kimya. Mwaka 1982, katika wilaya ya Rakai, kwenye vijiji vya kandokando ya Ziwa Nyanza, watu walianza kufa kwa kukonda. Wenyeji wakauita ugonjwa huo Slim. Wengine walisema ni uchawi, ni wafanyabiashara wa magendo wanalipizwa waliowadhulumu. Kwetu Kenya mgonjwa wa kwanza alitambulikana mwaka 1984, na kwa miaka mingi tukaambizana kuwa ni maradhi ya wageni, au ya malaya, au ya madereva. Kila mtu aliusogeza kwa jirani yake. Mwaka 1987 huko Uganda lilianzishwa shirika la TASO la kuwatunza wagonjwa, na waanzilishi wake walikuwa ni watu ambao maradhi yamekwisha kuingia majumbani mwao. Lakini hapakuwa na mtu mwenye jina kubwa aliyesimama hadharani akasema: mimi ninao.

Lutaaya ndiye aliyesimama. Mwezi wa Aprili 1989 alirudi nyumbani, akatangaza kuwa ana ukimwi. Msomaji mpenzi, fikiri jambo hilo lilivyokuwa. Hapakuwa na dawa ya kumrudishia uhai wake. Hapakuwa na sheria ya kumlinda wala jamaa wa kumshukuru. Wako waliosema kuwa anasema uwongo ili auze santuri zake. Wako waliosema amelipwa na Wazungu. Mtu aliyekuwa akishangiliwa jana, leo anapigiwa hesabu ya fedha anayodhaniwa kuipata kwa kufa kwake.

Hakurudi nyuma. Alizunguka katika mashule na makanisa, akisimama mbele ya vijana, mwili unapungua kila safari, akiwaeleza namna ugonjwa unavyoambukizwa na namna ya kujikinga. Alitunga wimbo uitwao Alone and Frightened, unaoeleza upweke na hofu ya mgonjwa, na kuwataka watu washikane mikono badala ya kukimbiana. Wapiga picha walimfuata katika safari hizo, na filamu ya miezi yake ya mwisho ilionyeshwa ng'ambo mwaka 1990. Yeye mwenyewe hakuiona. Alifariki tarehe 15 Desemba 1989, akiwa na umri wa miaka 38.

Je, alifaa nini? Baada yake watu wengine walioishi na virusi walijitokeza kufanya kazi ile ile kwa jina lake, wakienda shule kwa shule na kijiji kwa kijiji kueleza habari zao. Madaktari wa Kiislamu wa Uganda nao, kupitia chama chao, waliwafundisha maimamu, na maimamu wakaupeleka ujumbe misikitini na majumbani. Mwanzoni mwa miaka ya tisini watu wazima kama 15 katika kila 100 walikuwa na virusi nchini humo. Ilipofika miaka ya 2000 walikuwa wameshuka hadi kama 6. Wengi walikufa, hilo ni kweli, na kazi haikuwa ya mtu mmoja. Lakini mtu mmoja aliufungua mlango.

Sasa tuje kwetu, maana hadithi ya jirani ina faida ikiwa mtu ataitazama na nyumba yake. Kenya ilitangaza kuwa ukimwi ni janga la taifa mwezi wa Novemba 1999, miaka kumi baada ya Lutaaya. Uchunguzi mkubwa wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa wanawake 6.6 katika kila 100 walikuwa na virusi, na wanaume 3.1. Wanawake ni zaidi ya mara mbili. Na wengi wao si kwamba walitoka nje. Ugonjwa uliletewa nyumbani na mume, na mke hakuwa na uwezo wa kuuliza wala kukataa. Mwanamke huyu huyu ndiye hupimwa kwanza, akienda kliniki na mimba, na akirudi na habari ndiye huambiwa kuwa yeye ndiye aliyeuleta.

Na wako wengine ambao kwetu pwani hata kuwataja ni tabu, nao ni wanaume wanaolala na wanaume wenzao. Tangu mwaka 2005 watafiti wa KEMRI walikuwa wakiwahudumia watu hao Mtwapa, kwani ilionekana kuwa virusi viko kwa wingi miongoni mwao, na baadhi yao wana wake majumbani. Mwezi wa Februari 2010 palizuka uvumi wa harusi ya wanaume wawili. Viongozi wa dini, wa misikiti na wa makanisa, walipaza sauti, na kundi la watu likakivamia kituo. Harusi yenyewe haikuwako. Kilichokuwako ni watu waliokimbia na kuziogopa huduma. Mgonjwa aliyekimbizwa haponi, wala virusi haviulizi mtu ni wa dini gani vinapokwenda nyumba ya pili. Baadaye, alhamdulillahi, watafiti na viongozi wa dini walikaa pamoja wakasikilizana, na wako walioibadili rai yao. Habari ya halali na haramu nawaachia wenye ilimu yao, na sikuandika haya kuibadili. Mimi nazungumza juu ya mgonjwa na mlango wa zahanati. Mlango huo tukiufunga kwa mmoja, tumeufunga kwa mkewe na kwa mtoto aliye tumboni.

Leo dawa ziko. Tangu mwaka 2006 vidonge vya kupunguza makali vinatolewa bure katika hospitali za serikali nchini Kenya. Mwenye kuvimeza barabara mpaka virusi visionekane katika kipimo hamwambukizi mwenziwe kwa kitanda. Mama mja mzito akitumia dawa barabara, mtoto aghalabu huzaliwa salama na hukua salama. Tangu mwaka 2017 viko pia vidonge vya kinga kwa asiye na virusi lakini yuko hatarini, kama mke asiyeijua siri ya mumewe. Lakini dawa haimfikii mtu anayeogopa kuonekana akiifuata. Na mwezi wa Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake kwa ghafla, baadhi ya vituo vilivyowahudumia watu wanaoogopa kwenda hospitali za kawaida vilifungwa. Anayeumia kwanza ni yule yule aliyekuwa amejificha.

Mwaka jana nilipanda tena Ronge, kwa tanzia. Yule mama, mwenye chai, alikuwa amefariki akiwa mkongwe. Mwanawe alikuwa amemtangulia tangu mwaka ule ule wa 1990. Binti yake, dada wa yule utingo, sasa ni mtu mzima, naye ni mhudumu wa afya ya jamii. Hupita nyumba kwa nyumba juu ya vilima, akiwauliza wenye vidonge kama wamevimeza, akiwasindikiza wanawake waja wazito mpaka kliniki. Aliniambia kuwa anao wanaokuja kwake usiku tu, kwa kuogopa majirani, na yeye huwafungulia.

Nilimkumbusha ile chai, nikamwomba radhi kwa niaba ya mamake. Alisema mamake alijua siku ile ile kuwa sikufunga, kwani asubuhi yake aliniona shambani nikila ndizi. Kisha akaniletea chai, nikanywa.

Lutaaya hakuwa wa dini yangu wala wa kabila langu, na maisha yake ya jukwaani si maisha niliyofunzwa chuoni kuyatamani. Lakini alisema kweli wakati mimi nilipokuwa nikisema uwongo mbele ya mgonjwa, nami nilikuwa mzima na yeye alikuwa akifa. Katika kila mtaa wetu, kuanzia Lamu hadi Vanga, yupo leo mtu ambaye kikombe chake kimetundikwa peke yake, hata kama msumari hauonekani. Tukitundue.