Mfalme Qianlong na Pete ya Dole Gumba

Wahenga walinena kwamba chanda chema huvikwa pete. Lakini huko Uchina, zama za utawala wa Wamanchu, pete ya heshima ilivaliwa kwenye dole gumba la mkono wa kulia, na aliyezipenda mno pete hizo ni Mfalme Qianlong.

Mfalme huyu alizaliwa mwaka 1711, akatawazwa mwaka 1735. Tangu utotoni alifundishwa kupanda farasi na kupiga mishale, kwani hiyo ndiyo iliyokuwa fahari ya Wamanchu. Wao waliuvuta upote kwa dole gumba, na pete ililikinga lisichanike. Askari wa kawaida alivaa pete ya pembe au mfupa. Wakubwa walivaa za jedi, jiwe gumu ambalo Waarabu huliita yashm. Qianlong alitunga mashairi kwa maelfu, na baadhi yake yalichongwa juu ya pete hizo.

Jedi bora ilitoka Khotan na Yarkand, nchi ya Waislamu, ambayo majeshi yake yaliiteka mwaka 1759. Tangu hapo mawe yakamiminika Beijing, na dhulma ikafuata. Gao Pu, mjumbe wa mfalme huko Yarkand, aliwatumikisha Waislamu wapatao 3,000 kuchimba jedi, kisha akaiuza kwa siri kwa faida yake mwenyewe. Naye hakuwa mtu duni, maana shangazi yake marehemu alikuwa mmoja wa wake wa mfalme.

Mwaka 1778 liwali wa Yarkand, Mwislamu aitwaye Setib Aldi, alimshtaki bila ya kuogopa. Mfalme hakutazama ujamaa. Aliamuru Gao Pu auawe, na akauawa.

Haki ilitendeka siku hiyo. Hata hivyo, nchi haikurudishwa kwa wenyewe, wala jedi haikuacha kwenda Beijing.

Qianlong alijiuzulu mwaka 1796, akafa mwaka 1799. Katika uhai wake alisikitika kuona vijana wa Kimanchu wakiupa kisogo upinde. Kweli, pete ikageuka pambo tu, na mwaka 1901 mitihani ya jeshi yenye upigaji mishale ikafutwa.

Leo pete za namna hiyo zimo katika majumba ya makumbusho, nazo zapendeza. Azitazamaye na awakumbuke pia waliolichimba jiwe.